Pumzi Amepumzika

Kitendawili!

Usinitazame tu, sema "tega." Haya. Wako wawili, sura moja, koti moja, tarumbeta moja. Mmoja anapuliza mchana na usiku wala hana pumzi. Mwenzake ana pumzi wala hapulizi. Ni akina nani hao?

Fikiri taratibu, sikukimbizi. Si mtu na kivuli chake, maana kivuli hakina vifungo. Si mtu na kioo, maana taa ikizimwa kioo nacho hulala. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea, mji mzuri huu, nitakaa humo mpaka nimalize kukusimulia. Na katika mji huo ulionipa iko bustani ya watu wote, ina mabenchi ya kijani na bomba lisilokoma kuvuja, na siku ninayoisema, katikati ya bustani palisimama kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe.

Mbele ya shuka walipanga viti. Kiti cha kwanza alikaa mzee mmoja ambaye jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika hata na wazazi wenyewe, kwa kuwa mji mzima ulimwita Pumzi. Enzi zake alikuwa akiishika sauti moja ya tarumbeta mpaka wachezaji wakasimama, wakatazamana, wakaanza kumwonea huruma, na yeye bado. Siku hiyo alivaa koti la bendi, jekundu, limefifia mabegani, vifungo vya shaba vinang'aa. Vifungo hivyo alivishona upya mkewe, na mkewe aliitwa Mama Vifungo, maana cherehani yake ilikaa barazani na hapakuwa na shati mtaani lililodondosha kifungo likakosa kupita mikononi mwake. Kushoto kwake alikaa binti yao, msusi. Nyuma yao alikaa Kishindo, mpiga ngoma wa bendi, rafiki wa Pumzi tangu wote wawili wana nywele.

"Tusimame kidogo," akasema msema chochote wa sherehe, "tumkumbuke kwa ukimya."

Wakasimama. Pumzi akavua kofia, akainamisha kichwa. Alikuwa na wengi wa kuwakumbuka: mpiga gitaa aliyekwenda na homa, mwimbaji aliyekwenda na presha. Alimkumbuka kila mmoja kwa zamu yake. Mama Vifungo alifungua jicho moja akamwona ofisa wa bustani, kijana mpole mwenye tai fupi, mgeni katika mji, anamtazama kwa huruma nyingi. Akamtabasamia. Ofisa akashtuka, akatazama majani.

"Sasa namwomba mjane aje afunue."

Mama Vifungo akageuka kumtafuta mjane. "Masikini, ni yupi?" akamnong'oneza binti yake.

"Mama," binti akasema polepole, "wanakutazama wewe."

Alidhani wamekosea ulimi tu; siku ya shughuli ulimi huteleza. Akaenda, akavuta kamba, shuka likaanguka. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Maana alikuwa Pumzi kweli, wa shaba, kijana wa miaka ile, koti wazi kifuani, mashavu yamejaa kama maandazi ya kwanza kutoka kwenye mafuta, tarumbeta limeelekezwa juu utadhani anawaita ndege washuke. Mchongaji alimtoa kwenye picha ya zamani aliyopewa na Kishindo, na hakukosea hata kunyanzi moja la koti. Mama Vifungo alitazama vifungo kwanza. Vilikuwa vyote.

Pumzi akainuka, akavaa miwani, akasogea kwenye kibao kilichowekwa miguuni mwa sanamu. Akasoma kwa sauti, kwa sababu alizoea kutangaza jukwaani.

"Hayati Pumzi. Mpiga tarumbeta wa mji wetu."

Akasoma tena, safari hii kimya kimya. Kisha akawageukia watu.

"Jamani, nani aliwaambia nimekufa?"

Bomba likaendelea kuvuja. Kishindo ndiye aliyeshindwa kujizuia: "Mie nimekaa nyuma ya maiti tangu asubuhi, na kofia yake imenikinga jua!"

Watu wakacheka, wakacheka mpaka msema chochote akapangusa macho. Pumzi naye alitabasamu kidogo, mdomo umefungwa. Akarudisha kofia kichwani, akatembea kuelekea langoni, na watu wakampisha njia pande mbili, kama wanavyopisha jeneza.

*

Njiani kurudi nyumbani baba alitangulia mbele. Mama Vifungo akamshika binti yake mkono.

"Hebu niambie, mwanangu. Hayati ni nani?"

"Ni marehemu, mama. Marehemu mwenye cheo."

"Marehemu?"

"Ndiyo. Kwani wewe ulidhani nani?"

Mama Vifungo hakusema alidhani nani. Alikuwa amesoma darasa saba, akasoma vizuri, na darasani walifundishwa kwamba hai ni mwenye uhai. Redioni alilisikia neno hayati likitajwa kwa sauti nzito, kwa watu wakubwa tu, wenye barabara na shule zilizobeba majina yao. Akajijumlishia mwenyewe: hayati ni mtu mkubwa aliye hai. Hesabu ilikaa sawa kichwani mwake miaka yote, hakuna aliyeisahihisha, maana nani hukusahihisha neno usilolitamka?

Akalitamka mara moja tu. Ni siku ile ofisa wa bustani alipokuja barazani, jua linachoma, akauliza, "Mama, mzee yuko wapi?" Na mzee alikuwa chumbani, amejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Mama Vifungo, uzi mdomoni, akajibu kwa adabu, "Amepumzika, mwanangu."

Ofisa akavua kofia. "Pole sana, mama."

"Ahsante, tumeshapoa," akajibu, akidhani anapewa pole ya joto.

"Sasa kwenye kibao tuanze na nini? Bwana? Mzee?"

"Bwana ni kila mtu, hata anayekuja kudai kodi. Na ukimwita mzee atanuna. Andikeni Hayati." Na alilisema neno kwa fahari, kama anayetoa sahani ya wageni kabatini.

Basi ndivyo mke alivyomzika mume wake mwenyewe huku akishona suruali ya watu.

*

Pumzi alipofika nyumbani alilipandisha sanduku la tarumbeta juu ya kabati, akatundika koti, akalala amegeukia ukuta. Jumapili akalala. Jumatatu vilevile. Hakunyoa.

"Amka basi unywe chai," mkewe akasema.

"Hayati hanywi chai."

"Jana ulikunywa vikombe viwili."

"Jana nilikuwa mgeni huko, sikujua taratibu."

Aliamka, lakini, akakaa kitandani, akachukua mkate, akauchovya kwenye chai mpaka ukalegea, ndipo akautia mdomoni. Siku hizi aliula hivyo. Mama Vifungo aliona, akadhani ni uzee tu. Uzee una mikogo yake kama ujana.

Jumanne akaja muuza vitambaa wa sokoni, kitenge kimefungwa kiunoni, kilo ya sukari mkononi. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akatengeneza uso.

"Shoga yangu, nisamehe, nimechelewa. Habari nimeipata jana kwa watu waliotoka bustanini. Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Safari hii ina kosa," akasema Mama Vifungo. "Mzee yupo."

"Najua, mama. Yupo nasi daima."

"Yupo chumbani!"

Na kutoka chumbani sauti ikaitika, "Karibu sana! Mpeni mgeni kiti!"

Sukari ikaanguka ikamwagika yote. Yule mama alifika kona ya mtaa kabla kiatu chake cha kushoto hakijamfuata. Mama Vifungo alicheka mpaka akashika cherehani. Alipoingia chumbani kumsimulia mumewe wacheke pamoja, alimkuta amejifunika shuka hadi kichwani, jeupe, kama lile la bustanini. Kicheko kikamkauka.

Mchana huohuo ikapigwa simu. Familia ya bwana harusi, Jumamosi. Walisema bendi ije tu kama walivyopatana, mpulizaji wamepata mwingine, wasihangaike, poleni na msiba.

"Hakuna msiba," akasema Mama Vifungo.

"Ah, mama, tumeiona picha ya sanamu. Imependeza."

Akaenda kumwambia. Pumzi akasema chini ya shuka, "Waache. Wamesema kweli. Maiti hapigi harusini."

"Acha mzaha!"

"Nani anafanya mzaha?"

Hapo ndipo alipoogopa. Mtu akiambiwa na mji mzima kwamba amekufa, akakubali, akalala, akaacha kunyoa, siku mauti yenyewe yakipita mlangoni hayatakuwa na haja ya kubisha. Jioni alikuja Kishindo, akaupiga ubao wa kitanda kwa vidole, ile midundo ya kuanzia ambayo Pumzi hakuwahi kuisikia akatulia. Hata mguu haukutikisika. Kishindo alitoka nje akijikuna kichwa. "Shemeji," akasema, na hakutania, "yule amekwenda mbali. Mrudishe."

*

Ofisi ya bustani ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mabomba ya kumwagilia, kinanuka mbolea. Alhamisi Mama Vifungo alivaa gauni la kutokea akaenda. Alikaa kwenye benchi muda mrefu huku mhudumu akimpita na majani ya chai, akampita na vikombe, akampita na vikombe vitupu. Alipoitwa alikuwa amepanga maneno makali ya kutosha.

"Mwanangu, umeniulia mume."

Ofisa akasimama wima. "Mama, nisikilize. Mimi sijalala tangu siku ile. Lakini nilikuuliza mwenyewe. Ulisema amepumzika."

"Amepumzika si ndiyo amelala usingizi!"

"Nikakupa pole, ukasema mmeshapoa."

Yale maneno makali yakamwisha moja moja, kama vifungo vya shati kuukuu. Akashusha macho. Ofisa naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, akajifanya anatafuta kalamu.

"Basi kifuteni," akasema Mama Vifungo.

"Tutakifuta, mama. Fundi yupo Ijumaa. Ila kubadilisha lazima mwenyewe aje, akubali mbele yangu."

"Mwenyewe si mmesema amekufa?"

Wote wawili wakataka kucheka, wakaogopana.

"Halafu kuna jambo jingine," akasema ofisa. "Tukilitoa lile neno, jina litabaki na nafasi tupu kando yake. Watu watauliza pale palikuwa na nini. Neno moja litatosha hapo. Mniambie tuandike nini badala yake."

Swali hilo Mama Vifungo alilibeba mpaka nyumbani. Binti yao alikuwa barazani anamsuka mteja. "Andikeni Gwiji," akasema binti, mkono haukusimama. Mteja, kichwa kimeinama, akasema, "Mimi ningeandika Bado." Kishindo, aliyekuja kuangalia mgonjwa, akasema waandike Samahani.

"Muulizeni mwenyewe," akasema binti.

Wakamuuliza kupitia mlango. Akajibu, "Liacheni lilelile."

*

Mama Vifungo akaingia akafunga mlango. Akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani likimulika sanduku juu ya kabati.

"Baba watoto, uliuliza swali pale bustanini, hakuna aliyekujibu. Ni mimi."

Shuka halikusogea.

"Nilimwambia yule kijana umepumzika, na ulikuwa umepumzika kweli, ulikuwa unakoroma. Akaniuliza cheo. Nikasema Hayati. Nilidhani ni mtu mkubwa aliye hai. Nilikuwa nataka kukukuza, nikakuzika. Ukitaka kunitukana, tukana. Lakini amka unitukane umekaa."

Halafu shuka likaanza kutikisika. Mama Vifungo akadhani analia. Mwanamume huyu alimwona analia mara moja tu tangu wajuane. Akavuta shuka. Pumzi alikuwa anacheka, kiganja kimefunika mdomo, machozi yanachuruzika.

"Mtu mkubwa aliye hai!" akasema. "Na ukamwambia mmeshapoa!"

"Nani kakwambia hilo?"

"Chumba hiki na baraza kuna ukuta gani? Nilikuwa nimeshaamka. Nilisikia 'tumeshapoa,' nikadhani mnasemea joto, nikalala tena."

Wakacheka wote wawili, vile wanavyocheka watu waliokula sufuria moja miaka mingi, kila mmoja akimgusa mwenzake begani amalize. Kisha Mama Vifungo akapangusa macho kwa pindo la kanga.

"Basi twende kesho tukalifute."

Cheko likamtoka Pumzi usoni. Akajilaza. "Sijakukasirikia, mke wangu. Wala sikuwa nimekasirika. Lakini lile neno liacheni."

"Unataka kuitwa maiti?"

Akageukia ukuta. Mama Vifungo akakaa pale mpaka jua likaondoka juu ya sanduku. Alimjua mume wake mwenye hasira, na mwenye njaa, na mwenye wivu. Huyu asiyekasirika na asiyetaka kufufuka hakumjua. Kulala alilala, lakini kitendawili kilimlalia kifuani kama paka.

*

Ijumaa asubuhi aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Koti halikuwa msumarini. Sanduku lilikuwa palepale juu ya kabati.

Alitembea haraka, kanga inamvuka bega. Alimkuta bustanini, amekaa kwenye benchi lililotazamana na sanamu, koti jekundu limefungwa vifungo vyote. Mtunza bustani alikuwa anafagia majani akizunguka miguu yake kwa heshima, kama anavyozunguka miguu ya yule mwingine. Mama Vifungo akakaa kando. Njiwa mmoja alikuwa ametua kwenye mdomo wa tarumbeta la shaba.

"Mtazame," akasema Pumzi. "Yule haachi. Nimekaa hapa tangu kabla ya mfagizi, hajashusha hata mara moja."

"Hana la kufanya jingine."

"Mtazame mashavu." Akainua kidole. "Mtazame mdomo."

Akamgeukia mkewe, akafungua wake. Akavuta mdomo wa chini, akaonyesha kile alichozoea kukificha kwa kiganja na kwa kutabasamu kimya kimya. Meno mawili ya mbele hayakuwapo. La tatu lililegea kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja.

Mama Vifungo akaukumbuka mkate kwenye chai.

"Tangu lini?"

"La kwanza nililimeza na wali. Tarumbeta, mke wangu, si mapafu. Watu husifu mapafu. Tarumbeta ni midomo, na midomo inaegemea meno. Ukiondoa ukuta, dirisha litakaa wapi? Harusi tatu za mwisho sikupiga. Nilijaza mashavu, nikachezesha vidole, anayepiga ni yule bwana wa nyuma mwenye tarumbeta dogo. Kishindo hakujua. Watu walipiga makofi, mimi nikainama. Makofi ya mtu mwingine yana uzito, hujui tu."

"Na mimi ukanificha."

"Wewe ungesema, 'basi acha.' Na mimi nilikuwa sijui mtu huacha vipi. Hakuna aliyewahi kunifundisha kushusha. Ndipo nikakisoma kibao chako." Akatabasamu, wazi, na pengo lake. "Nilishtuka, ndiyo. Halafu nilipokuwa natoka langoni, nikasikia kitu kimenitoka mgongoni. Maiti haombwi apige wimbo mmoja zaidi. Nikasema, alhamdulillahi, kuna aliyeniombea ruhusa bila kujua; jana nikajua ni wewe."

Mama Vifungo alitaka kumpiga, na alitaka kumbembeleza, akaishia kumfunga kifungo cha shingo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Ruhusa nimekupa," akasema. "Lakini chakula hujaachishwa. Wala kunyoa. Na kesho harusini utakwenda ukale kama watu, meno ya nyuma unayo."

"Ninayo."

"Basi."

Ofisa wa bustani akaja kwa njia ya mawe, tai ileile fupi, pamoja na fundi aliyebeba patasi na kibao kipya kitupu kinachong'aa. Alipomwona mzee alisimama, akavua kofia, akaona haya, akairudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiogope, sinuki bado."

Fundi akacheka akapiga goti, akakiondoa kile kibao cha zamani. Chini yake palikuwa na alama ya mraba na mchwa mmoja aliyepotea. Ofisa akamkabidhi Pumzi kibao kile, kama mtu anayerudisha kitu alichookota, na Pumzi akakiweka mapajani, maandishi yametazama chini.

"Mzee," akasema ofisa, "samahani kwa yote. Jina lako litachongwa juu. Kando ya jina pana nafasi ya neno moja. Mama nilimuuliza jana, hajaniletea jibu. Tuandike nini?"

Fundi akachomoa penseli sikioni. Mama Vifungo akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameshasema maneno ya kutosha kwenye shaba. Njiwa akaruka kutoka kwenye tarumbeta. Pumzi akamtazama yule kijana wa shaba juu, mashavu yamejaa, asiyejua kushusha. Kisha akamtazama mkewe, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Andika," akasema, na akalisema polepole, silabi kwa silabi, ili fundi asije akakosea hata herufi moja: "A-na-pu-m-zi-ka. Si 'ame,' mwanangu. 'Ana.'"